Wikiendi ya kuonja waini Clarksburg, kwenye delta ya mto Sacramento: shika zabibu moja, zingine achana nazo

Mtu akisikia waini ya California kichwani inakuja Napa tu. Napa nzuri sikatai, ila sehemu nyingi kule kuonja tu unalipia dola 40, 50 na kupanda kwa kila kichwa, lazima ubuki mapema, na jumamosi foleni ya magari inakula mchana wako wote. Wakati huo huo ukitoka katikati ya Sacramento ukashuka kusini kama kilomita 24 hivi, dakika 25 kama barabara imetulia, unaingia Clarksburg, kijiji cha wakulima kwenye delta ya mto Sacramento, mizabibu huku na huku, mto pembeni, na watu wachache kiasi kwamba anayekumiminia ana muda wa kupiga stori na wewe. Naandika kwa ajili ya Wabongo, Wakenya, Wakongo na wengine mlioko Sacramento, Stockton na Bay Area, na nyie mnaokuja kusalimia ndugu mnapelekwa mall mpaka siku ya kurudi.

Ushauri wangu mkubwa nautoa hapa mwanzoni ili hata ukiishia hapa uwe umeondoka na kitu: usiende kuonja kila kitu. Shika zabibu moja, Chenin Blanc, uifuate siku nzima sehemu mbili tatu, alafu kila sehemu ufunge na nyekundu moja tu, Petite Sirah. Basi. Anayeonja aina kumi na mbili mchana mmoja, jioni ukimuuliza hakumbuki hata moja, anakwambia zote zilikuwa tamu. Anayeonja Chenin nne za watengenezaji wanne anaanza kuona mwenyewe nini kimetoka shambani na nini kimetoka mkononi mwa mtu, na hapo ndo waini inaanza kunoga, hata kama hujawahi kunywa zaidi ya ile ya kanisani.

Kwa nini hizo mbili

Delta ni pale mto Sacramento unaoshuka kutoka kaskazini na mto San Joaquin unaopanda kutoka kusini inapokutana kabla ya kuingia ghuba ya San Francisco. Zamani palikuwa kinamasi cha matete. Karne ya 19 watu wakajenga matuta makubwa kuzuia maji, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vibarua wa Kichina kwa koleo na toroli, ardhi ikakauka, vikabaki visiwa vilivyozungukwa na mito na mifereji, ndo maana utakuta majina kama Merritt Island na Grand Island wakati unaendesha gari huoni kisiwa chochote. Kuna sehemu shamba liko chini kuliko maji yaliyo nyuma ya tuta, unasimama kwenye mistari ya mizabibu alafu unaona boti inapita juu ya usawa wa kichwa chako. Inashtua kidogo mara ya kwanza.

Udongo ni wa mfinyanzi na tifutifu, una rutuba ya hatari, mapeasi ya huku ni maarufu, nyanya, mahindi, yote yanatoka. Sasa kwa zabibu rutuba peke yake haisaidii, inaweza hata kuharibu. Kinachookoa ni upepo. Mwezi wa saba na wa nane mchana joto linagonga nyuzi 33 hadi 35 na kuzidi, lakini jua likianza kushuka hewa baridi ya bahari ya Pasifiki inapenya kwenye mlango-bahari wa Carquinez inapanda na mto mpaka huku, watu wa hapa wanaiita upepo wa delta tu, na usiku unakuta unatafuta sweta. Joto la mchana linaivisha zabibu na kuijaza sukari, baridi ya usiku inautunza uchachu usipotee. Chenin Blanc inataka hivyo hivyo, bila uchachu inakuwa waini bapa isiyo na uhai, na hapa inapata vyote viwili.

Familia ya Bogle, ambao walikuwa wakulima hapa tangu zamani kabla hawajafikiria waini, walipanda ekari 20 za kwanza za zabibu za waini mwaka 1968, na walipanda nini? Petite Sirah na Chenin Blanc. Miaka ya mwanzo walikuwa wanawauzia wengine, mwishoni mwa miaka ya 70 ndo wakaanza kutengeneza ya kwao, na leo chupa za Bogle unazikuta karibu kila supamaketi Marekani. Serikali ya Marekani ikaitambua Merritt Island kama eneo rasmi la waini mwaka 1983, na Clarksburg nzima mwaka 1984. Kwahiyo jina lipo miaka mingi, kinachoonekana kama kipya ni watu kuja kunywea hapa hapa. Kwa miaka mingi zabibu zilikuwa zinavunwa, zinapakiwa kwenye malori, zinaenda kwa watengenezaji wa mbali, na biashara hiyo bado ipo mpaka leo. Kuna kampuni ya Sonoma inaitwa Dry Creek Vineyard, Chenin yao inatoka huku na wanaandika Clarksburg kwenye lebo bila aibu, nawapongeza kwa hilo, maana wengi wanachanganya tu humo humo na hutajua.

Hapo kuna kitu cha kujifunza kusoma. Lebo ikiandika jina la eneo kama Clarksburg, sheria inataka angalau asilimia 85 ya zabibu ziwe zimetoka eneo hilo. Ikiandika aina ya zabibu, mfano Chenin Blanc, angalau asilimia 75 iwe aina hiyo. Ikiandika California tu, zabibu zinaweza kutoka kona yoyote ya jimbo. Kwahiyo hata ukiwa umesimama katikati ya Clarksburg, chupa iliyo mbele yako inaweza kuwa imetoka mbali kabisa, na sio wizi, ni kwamba hujasoma. Geuza chupa usome, alafu ndo uamue kama unataka kuonja hiyo au iliyotoka kwenye shamba unaloliona dirishani.

Na kwa Watanzania, Chenin Blanc sio mgeni kabisa, ni moja ya zabibu zinazolimwa Dodoma pamoja na ile nyekundu ya Makutupora. Kama una chupa ya Dodoma nyeupe mtu alikuletea na bado umeifungia kabatini, itoe siku hiyo jioni uiweke pembeni ya ya Clarksburg. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, huku ni mara moja tu, tofauti utaisikia mwenyewe sina haja ya kukusimulia. (Dompo, ile waini nyingine ya Dodoma, usiilete kwenye mashindano haya tafadhali, ile ni ligi nyingine.)

Petite Sirah nayo ina historia yake, ilizaliwa Ufaransa karne ya 19 kwa bwana mmoja François Durif, mchanganyiko wa Syrah na zabibu nyingine inaitwa Peloursin, kwao haikupendwa sana, California wakaidaka. Punje zake ndogo, ganda nene, ndo maana waini yake nyeusi tii na inakaza mdomo. Haina upole. Lakini kwa watu waliokulia kwenye nyama choma hii ndo ya kwenu.

Dereva kwanza, mengine baadae

Kabla hamjapanga nguo, pangeni dereva. Kule hamna basi la maana la wikiendi, na Uber ya kwenda utaipata kirahisi, ya kurudi ndo shughuli maana uko vijijini, unaweza kukaa unaangalia simu mpaka giza linaingia. Kwahiyo ama mmoja wenu asinywe kabisa, ama mchange mkodi gari na dereva wa siku nzima, mkiwa watu sita kwenda juu gharama inagawanyika vizuri. Mnaye ndugu asiyekunywa kwa sababu ya dini au afya? Muombeni kwa heshima, mlipieni chakula na mafuta, na msimfanye akae kwenye gari, kule kuna juisi, kuna bustani, kuna mto, na nitasema hapo chini kuna kitu chake cha kuona siku ya pili.

Hesabu yenyewe iko hivi. Onjo moja ni kama mililita 30 mpaka 45. Ukionja tano sehemu moja ni mililita 150 mpaka 225, yaani glasi nzima moja mpaka moja na nusu kwa kipimo chao. Sehemu tatu ukimeza zote tayari umefika glasi tatu, nne na ushee, na Petite Sirah huku nyingi zinavuka asilimia 14 ya pombe. Kiwango cha California ni asilimia 0.08 kwenye damu na mtu mwenye mwili mdogo anafika hapo bila hata kujisikia amelewa. Alafu barabara za huku ziko juu ya tuta, nyembamba, upande mmoja mto, upande mwingine mteremko wa shamba, hazina pa kukosea.

Na kwetu wageni kuna la ziada ambalo Mmarekani halimuhusu. Kukamatwa umeendesha umelewa sio faini na leseni tu. Kwa mwenye viza, wizara ya mambo ya nje ya Marekani inaweza kukufutia viza kwa kukamatwa tu, kabla hata mahakama haijasema kitu, na kwa anayesubiri uraia kesi kama hiyo inaingia moja kwa moja kwenye swali la mwenendo mwema. Kwahiyo akija shemeji wa kusema mi nikinywa ndo naendesha vizuri, mnyang'anyeni funguo. Pia chupa iliyofunguliwa haikai ndani ya gari mbele, iwekeni kwenye buti.

Kitambulisho kila mtu abebe chake, pasipoti au leseni au kitambulisho cha California. Umri ni miaka 21 na hawaangalii mvi, mama mtu mzima kabisa anaweza kuulizwa, asikasirike, ndo utaratibu wao. Watoto sehemu nyingi za huku wanaruhusiwa kuja, ila hawaonji, hata kuchovya kidole usijaribu mbele za watu.

Msimu. Mimi napenda mwezi wa nne na wa tano, mizabibu ina majani mabichi na hamna joto, au mwisho wa mwezi wa nane mpaka wa kumi wakati wa mavuno, unakutana na matrekta na harufu ya zabibu zilizopondwa imejaa hewani. Mwezi wa saba nendeni asubuhi. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza kuna ukungu mzito unaolala chini kabisa, siku zingine huoni gari la mbele, hapo mi ningekaa nyumbani. Vyumba vya kuonjea vingi vinafungua saa tano asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni, ila usiniamini mimi wala mtu yeyote kwenye hilo, angalieni tovuti yao au pigeni simu wiki hiyo hiyo. Biashara ya waini California imelegea miaka hii, waini imezidi wanywaji, kuna wakulima wanang'oa mizabibu kabisa, na vyumba vya kuonjea vinahama, vinaungana, vinapunguza siku.

Kula kabla ya kutoka, chai na kitu kizito, sio chai na biskuti. Beba maji mengi. Beba deli lenye barafu, sio kwa ajili ya bia (ukileta pombe ya nje kwenye eneo lao watakutoa na wana haki) bali kwa ajili ya chupa utakazonunua, nitaelezea. Beba sweta kwa ajili ya ule upepo. Beba dawa ya mbu, jamani delta ni maji, jioni mbu wapo. Na udi na marashi makali acheni nyumbani siku hiyo, nusu ya kuonja ni pua, ukijipulizia vizuri unajiharibia wewe na meza ya jirani.

Siku yenyewe

Kutoka Sacramento shika I-5 kusini, toka Pocket Road, ingia barabara ya mto kuelekea Freeport, vuka daraja la Freeport, lile la chuma linalonyanyuka kupisha boti kubwa, ukikuta limenyanyuliwa zima injini ushuke upige picha. Ukishavuka kata kushoto ufuate tuta na mto mpaka Clarksburg. Njiani utaona mabango ya kupinga mradi wa mahandaki ya maji, watu wa delta wana ugomvi wa miaka mingi na mpango wa serikali wa kuchota maji ya mto Sacramento kuyapeleka kusini mwa jimbo. Kama unataka kumchangamsha mwenyeji muulize hilo, ila uwe na muda.

Anzieni Old Sugar Mill. Ni kiwanda cha zamani cha sukari ya viazisukari, kilianza 1934 kikafungwa 1993, jengo kubwa la matofali mekundu, sasa ndani wamepanga watengenezaji tofauti tofauti kila mmoja na kaunta yake. Faida kwetu ni kubwa, unapaki gari mara moja tu na unaweza kuonja Chenin za watu kadhaa kwa miguu, bila dereva kuzunguka zunguka. Wapangaji wanabadilika kwahiyo sitakupa orodha, ila wakulima wa hapa hapa kama Heringer, ambao familia yao imelima delta tangu miaka ya 1860, ndo wa kuwatafuta kwanza. Unalipia kuonja, mara nyingi kati ya dola 10 na 25, na sehemu nyingi ukinunua chupa wanakusamehe hiyo hela. Uliza kabla hujamiminiwa. Na mkiwa wawili mnaweza kugawana onjo moja, hawakasiriki.

Sasa ukifika kaunta, mhudumu atakupa karatasi ya waini tano au sita alizopanga yeye. Mwambie kistaarabu kwamba leo unafuatilia Chenin na Petite Sirah tu, kama anayo Chenin zaidi ya moja akupe zote kwa kufuatana. Wengi wanafurahi, maana wamezoea watu wa kusema nipe tamu yoyote. Mara nyingi akiona uko siriasi anatoa na chupa ambayo haipo kwenye karatasi.

Glasi ikija usikimbilie kunywa. Shika kwenye mguu wake, angalia rangi kwanza, Chenin changa ni karibu maji yenye ukijani, iliyokaa kwenye pipa au iliyozeeka inaelekea dhahabu. Nusa bila kutikisa. Zungusha kidogo, nusa tena, sasa harufu inafunguka, tafuta tikitimaji, tofaa, peasi, kuna zingine zina asali kwa mbali. Usipoipata harufu kabisa huenda waini imepozwa mno, shika tumbo la glasi kwa viganja viwili dakika mbili tatu ipate joto kidogo, ni ujanja mdogo ila unabadilisha kila kitu, manake kwenye kaunta wanazitoa kwenye friji kali.

Kunywa kidogo, izungushe mdomoni mpaka kwenye fizi, hesabu mpaka tano ndo umeze au uteme. Ndio, uteme, kuna ndoo au kikombe kwa kazi hiyo na hakuna atakayekuona mshamba, wenye kazi yao wote wanatema. Baada ya hapo sikiliza vitu viwili tu. Cha kwanza uchachu: mate yanajaa pembeni ya ulimi? Yakijaa sana na kwa muda mrefu uchachu uko juu, hiyo inaenda na chakula cha mafuta. Cha pili sukari: Chenin inatengenezwa kavu kabisa au yenye utamu kidogo, na ile yenye harufu ya asali inaweza kukudanganya ni tamu wakati haina sukari. Ziba pua unywe tena kidogo, pua ikizibwa ulimi unasema ukweli kama kuna sukari au hamna.

Ukifika ya pili na ya tatu uliza maswali matatu kila mara. Imekaa kwenye tangi la chuma au pipa la mbao? Ina sukari iliyobaki au yote imegeuka pombe? Zimevunwa mapema au zimeachwa ziive sana? Zabibu ni ile ile, eneo ni lile lile, pengine hata shamba ni moja, ila majibu ya hayo maswali ndo yanakwambia kwanini hii inakata na ile inajaa mdomoni kama siagi. Andika kwenye simu maneno matatu matatu kwa kila moja, usiandike insha. Mi huwa napenda ya chuma, kavu, iliyovunwa mapema, ya pipa naona inafunika harufu ya zabibu, ila nimekaa na watu wanaobisha mpaka povu, kwahiyo onja mwenyewe.

Kabla ya nyekundu kunywa maji, kula kipande cha mkate. Alafu Petite Sirah. Hapa unasikiliza kitu kingine, ule ukakasi unaokausha ulimi na kukaza fizi kama umetafuna bibo, ndo tanini hiyo, inatoka kwenye maganda na mbegu. Ikiwa ni ukakasi tu bila tunda ndani yake hiyo waini ama bado changa ama haijapangwa vizuri. Nzuri inakuletea matunda meusi, pilipili manga, chokoleti chungu, alafu ukakasi unakuja mwisho na kuondoka taratibu. Ukiona imekushinda, ijaribu tena na kipande cha nyama, protini na mafuta vinaulainisha ukakasi hapo hapo, utadhani wamekubadilishia glasi.

Chakula cha mchana mi nashauri mjibebee, uani mwa Old Sugar Mill kuna sehemu ya kukaa na watu huwa wanakuja na vikapu vyao, ila siku za matamasha au harusi utaratibu unabadilika, ulizeni. Na hapa ndo tunawazidi wenyeji wenye jibini na karanga zao: sambusa, samaki wa kukaanga, kuku wa nazi, bajia na chatne, vyote Chenin inavipokea vizuri sana, ile yenye utamu kidogo inaenda na pilipili kuliko kavu maana pombe na pilipili vikikutana bila sukari mdomo unawaka mara mbili. Mishkaki wekeni kwa ajili ya Petite Sirah.

Mchana nendeni Bogle, wako Merritt Island County Road 144, katikati ya mashamba. Ni wakubwa, utaratibu wao umenyooka, kuna nyasi na miti ya kukaa chini, na zile zabibu za 1968 ndo zilianzia kwenye familia hii. Kama kule kuna Chenin iweke pembeni na ulizoandika asubuhi. Baada ya hapo inatosha. Sehemu mbili zilizopangwa vizuri zinashinda tano za kukimbizana, na ulimi baada ya saa tatu za kuonja umechoka, kila kitu kinakuwa sawa, unaanza kusifia lebo.

Watakushawishi ujiunge na klabu ya waini, wanakukata hela kwenye kadi kila baada ya miezi kadhaa wanakutumia chupa. Sio mbaya, ila usisaini ukiwa na glasi ya nne mkononi. Chukua karatasi, amua jumatatu.

Kulala, Clarksburg hamna hoteli za kuhesabu, rudini Sacramento. Jumapili shukeni tena na barabara ya mto kupita Courtland mpaka Locke, kijiji kilichojengwa na Wachina mwaka 1915 baada ya mtaa wao wa Walnut Grove kuungua. Sheria ya California ya 1913 iliwakataza kumiliki ardhi, kwahiyo walijenga nyumba zao juu ya ardhi ya kukodi, na zile nyumba za mbao bado zimesimama zimeegemeana, kuna makumbusho ndogo ndani ya iliyokuwa nyumba ya kamari. Hao ndo jamii iliyobeba udongo wa yale matuta uliyoendesha gari juu yake. Na yule dereva wenu asiyekunywa, kama ni kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa pili, mpelekeni Staten Island karibu na Walnut Grove jioni akaone makundi ya korongo yakirudi kulala, ni bure na yanapiga kelele balaa.

Kuhusu chupa mlizonunua: msiziache kwenye gari lililofungwa juani, buti la gari mchana wa kiangazi linaipika waini, kizibo kinasukumwa nje, na hamna wa kumlalamikia. Ndo kazi ya lile deli. Nyumbani zilaze sehemu yenye giza na ubaridi, sio juu ya friji. Chenin nyingi za huku ni za kunywa ndani ya miaka miwili mitatu, Petite Sirah inaweza kungoja miaka mingi na inalainika.

Kutuma nyumbani kwa posta ya Marekani sahau, hawaruhusu pombe. Ukisafiri weka kwenye begi la chini, waini iko chini ya asilimia 24 kwahiyo shirika la usalama la viwanja vya ndege halikuwekei kikomo cha idadi, ila uzito wa begi unakuhusu. Zungushia kila chupa kitenge alafu mfuko wa nailoni, iweke katikati ya nguo mbali na kingo za begi. Ukiingia nchi za Afrika Mashariki msafiri mtu mzima anaruhusiwa waini isiyozidi lita 2 bila ushuru, yaani chupa mbili za kawaida na nafasi kidogo inabaki, kwahiyo moja Chenin na moja Petite Sirah inatosha, ya tatu ukiwa nayo itaje mwenyewe forodhani kabla hawajafungua begi.